Chuma cha Mbele na Mtani Wangu

Katika miaka ya sabini, kule Nchelenge, watu wote waliniheshimu isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa mwanamke, na alinitukana hadharani mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, katikati ya barabara. Nikisema leo kwamba nilikuwa nikiyasubiri matusi yake kuliko nilivyosubiri chakula, watu hucheka. Wacheke. Hawajakaa ugenini.

Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa Mweru, upande wa Kongo. Siku zisizo na ukungu ungeweza kusimama ufukweni Nchelenge ukadhani unaiona nchi yetu, lakini kuiona si kuifikia. Nilivuka na mke wangu wakati kwetu hakukaliki. Baadaye yeye akarudi kumuuguza mama yake, akasema atakaa mwezi mmoja, na ule mwezi haujaisha hadi ninavyoandika haya. Nikabaki na chumba nyuma ya duka la watu, kitanda, jiko la mkaa na pikapu.

Pikapu ile niliinunua kwa Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na pua ya mviringo na bati jepesi mbele, bampa yake nyembamba kiasi kwamba ukiikalia inalia. Jumatatu na Alhamisi nilikwenda nayo Chienge kununua samaki wa moshi, samaki wa chumvi waitwao makayabo na chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani. Kesho yake nilirudi Nchelenge kuviuza. Nilikijua Kibemba, lakini Kibemba changu kilikuwa cha sokoni: kilijua kubishana bei, hakikujua kumfariji mtu. Nao wenyeji wakiniona tu walibadilisha lugha wakanisemesha kwa Kiswahili, na Kiswahili pale kilikuwa lugha ya kununulia na kuuzia. Ukisemeshwa hivyo kuanzia asubuhi hadi jua linazama, unaanza kujiona gunia. Nilikuwa mpweke, na upweke ulinifanya mkali. Niligombana na wavuvi, na mizani, hata na mbwa wa jirani.

Siku moja, nikirudi kutoka Chienge, rejeta ikachemka kwenye njia ya Kafutuma. Nilisimama mbele ya nyumba moja ya udongo iliyokuwa kando kabisa ya barabara, nikaomba maji. Akatoka mwanamke wa kama miaka arobaini, mjane, mwenye mabega mapana ya mtu anayetwanga muhogo. Alinipa beseni la maji kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na kama ilivyo desturi akaniuliza mimi ni mtu wa ukoo gani. Nikamjibu kwamba sisi ni watu wa mamba. Akanitazama. Kisha akanipokonya lile beseni nililokuwa sijalitumia, akanimwagia maji yote kwenye viatu.

"Weye njo mamba?" akasema. "Na mimi niko mutu wa samaki! Unasimamisha motoka yako ya bwizi ku mulango yangu, na batu bangu beko wanalia mule nyuma?"

Niliangalia nyuma ya gari. Batu bake walikuwa wamelala kwenye magunia, wamekaushwa kwa moshi. Nikacheka mpaka nikashika mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mke wangu aondoke.

Asiyejua utani atauliza kulikuwa na nini cha kuchekesha. Kule koo zina watani wao: chui na mbuzi, mvua na uyoga, mamba na samaki. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Huwezi kumshtaki popote. Na siku mmoja wenu akifa, watani ndio wanaokuja kuchimba kaburi, kujipaka majivu, kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kuwachekesha wafiwa katikati ya machozi. Ndugu anahitaji sababu ya kukupenda. Mtani hahitaji chochote, anakuwa wako tangu mlipozaliwa. Mimi nilikuwa nimevuka ziwa nikidhani nimeacha kila mtu nyuma, kumbe mtani wangu alikuwa ananingoja huku na beseni.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Aliijua ngurumo ya gari langu kutoka mbali. Nikitokeza kwenye mteremko, yeye anaingia barabarani, anapanua mikono.

"We mambala!" Kwa Kibemba hilo ni jina la tapeli. "Leo umebeba ndugu zangu wangapi? Nirudishie moya, nimuzike!"

"Unamuzika wapi?"

"Mu nyungu!" Yaani chunguni, jikoni kwake.

Nami nilikuwa namwendea taratibu, namsogelea mpaka bampa inakaribia kugusa kitenge chake, ndipo nasimama. Yeye hakurudi nyuma hata hatua moja. Alipiga boneti kwa kiganja, akazunguka nyuma, akachagua samaki mmoja mkubwa bila kuniuliza, akamvuta kwa mkono mmoja na kumlilia njia nzima hadi jikoni. Mama yake, kikongwe asiyeweza kusimama vizuri, alikuwa amekaa kizingitini akitupigia makofi. "Ongeza mwendo!" alikuwa akinipigia kelele kwa Kibemba. "Mwoga we! Ongeza!" Basi kila wiki niliongeza kidogo, na kila wiki nilisimama karibu zaidi. Nilijua kwa jicho pale pua ya gari langu inapoishia. Mti fulani mdogo wa kando ya njia ukifika usawa wa bega langu, nakanyaga breki, na gari linakaa kimya mbele ya goti lake.

Mara moja nilikosea. Mvua ilikuwa imenyesha, changarawe ikateleza, na gari likamgusa. Nasema limemgusa, lakini kwa kweli lilimzoa. Bampa ikabonyea kwenye miguu yake, yeye akainamishwa juu ya boneti, na boneti nayo ikazama chini yake kama kitanda kibovu. Nilimwona ameketi mbele ya kioo changu, ameduwaa, kitambaa cha kichwa kimemfunika jicho moja. Nikafungua mlango nishuke. Kisha akaanza kucheka. Alicheka, mama yake akacheka, kisha binti akashuka akichechemea na kuniambia kwamba kiti changu ni kigumu, niweke godoro. Alichechemea siku mbili. Boneti ikabaki na bonde la makalio yake, nami sikuligongesha linyooke, kwa sababu kila nilipoliona barabarani nilikuwa na mtu wa kucheka naye hata nikiwa peke yangu.

Hayo niliyaona kwa macho yangu na sikujifunza lolote. Nilidhani ni bahati.

Miezi michache baadaye nikamgonga mbuzi karibu na Chienge. Mbuzi alikufa, lakini pembe zake zikaingia kwenye rejeta, taa moja ikavunjika, na mzigo wangu ukakaa juani siku mbili ukioza. Nilipata hasara na aibu. Wafanyabiashara wenzangu wakanicheka: gari gani hili linapigwa na mbuzi? Wao magari yao yalikuwa na vyuma mbele, mabomba manene yaliyochomelewa, na kila mmoja alijisifu kwa unene wa bomba lake. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa amerudi kutoka migodini. Akanitafutia bomba nene la chuma, akalikata, akalikunja, akalichomelea mbele ya gari langu vipande vitatu kwa kulala na viwili kwa kusimama. Lilitokeza mbele ya bampa ya zamani kiasi cha mkono mmoja, toka kiwiko hadi vidoleni.

"Bon," akasema akipangusa jasho. "Sasa ile motoka iko na meno. Mbuzi, ng'ombe, hata kiboko itakuogopa."

"Na ikigonga mti?"

"Mti njo itavunjika. Chuma yangu haiinamake."

Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia njiani kwa sauti, peke yangu, kama mtu aliyeoa. Nilitaka mtani wangu akione kile chuma. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumwambia: leo mamba ana meno, leo nani ataniambia mwoga?

Ilikuwa Ijumaa, saa za adhuhuri, kiangazi, barabara kavu. Nilitokeza kwenye mteremko na kupiga honi mara tatu. Akatoka akikimbia, mikono ina unga wa muhogo, akaingia barabarani na kuipanua mikono. Mama yake alikuwa kizingitini. Sikusikia alichosema lakini niliona mdomo, na najua alisema niongeze mwendo. Nikaongeza. Gari lilikuwa limejaa, na chuma kile kilikuwa kimeliongezea mbele uzito ambao mguu wangu haukuwa umeuzoea. Ule mti mdogo ukafika usawa wa bega langu. Nikakanyaga breki.

Nilisimama karibu palepale nilipozoea kusimama. Hili nataka lieleweke, kwa sababu nimelirudia kichwani miaka mingi. Gari langu, lile ambalo jicho langu lilikuwa limelipima, lilisimama mbele yake kama siku zote. Lakini chuma kilikuwa kimetangulia. Kwa mkono ule mmoja wa urefu nilioutengeneza mwenyewe, na kulipia, na kujivunia, kilimkuta kwenye paja akiwa bado anacheka. Hakikubonyea. Hakikumwinua kumweka juu ya boneti. Kilimwangusha chini mbele ya gari, na nilisikia mfupa.

Mama yake aliendelea kupiga makofi kwa muda. Alidhani binti yake anaigiza maiti.

Nilimbeba nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya samaki, mpaka hospitali ya misheni. Jirani mmoja alipanda kumshika. Niliendesha polepole kwa sababu kila shimo lilimfanya apige kelele, na nilipoharakisha alipiga kelele zaidi. Katikati ya njia alinyamaza, nikadhani amekufa. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikamkuta ana macho wazi anaangalia juu. Hakunitukana. Nilimwomba moyoni anitukane, hata kidogo tu, nijue tuko wapi. Akafumba macho.

Mfupa wa paja ulikuwa umekatika. Walimlaza miezi, mguu umevutwa kwa kamba na uzito kwenye mwisho wa kitanda. Pale hospitalini alikuwapo msaidizi wa daktari, mtu mzima mpole wa kutoka upande wa Mbala, na siku ya tatu aliniita nje. Nilidhani ananipeleka kwa polisi. Alinipeleka kwenye gari langu.

Aliinama mbele ya kile chuma akakigonga kwa kucha. Akaniuliza kwa Kibemba kama zamani gari lilikuwa na bampa ya kawaida. Nikasema ndiyo, nikamwonyesha, ipo kule nyuma ya bomba. Halafu akaliona lile bonde la boneti, akauliza ni la nini. Nikamweleza. Ndipo akasema hivi, nami naweka maneno yake kwa Kiswahili: mwanamke yuleyule, gari lilelile, mwendo unaokaribiana. Mara ya kwanza bati lilibonyea, na kila upana wa kidole wa kubonyea ulikula sehemu ya pigo, kisha boneti ikampokea, nayo ikabonyea. Kilichobaki kwa mwili wake kilikuwa kidogo. Mara ya pili hakuna kilichobonyea, basi ikabidi mfupa ukubali wenyewe. Pigo halipotei, akasema. Lazima kitu fulani kilipokee. Ukilifanya gari lisikubali, umemwachia mtu.

Nikamwambia kwamba kila gari la samaki lina chuma namna hii.

"Najua," akasema. "Hao wote huwa wanapita kwangu."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Laiti angenigombeza.

Polisi walikuja, wakapima barabara, wakaandika. Wakaenda kwa familia kuuliza kama wanashtaki. Mjomba wake, mkubwa wa ukoo, akawajibu kwamba hakuna kesi: huyu ni mamba na huyu ni samaki, walikuwa wakicheza, na mambo ya watani hayapelekwi mahakamani. Niliposikia nilikaa chini nikalia kwa furaha. Niliona nimesamehewa kwa sheria kubwa kuliko ya serikali. Nikaona pia, na hili ndilo nililolitaka zaidi, kwamba bado mimi ni mtani wao.

Nilikwenda kumtazama kila nilipokuwa mjini. Nilipeleka sabuni, sukari, samaki wa kuchemsha. Safari ya kwanza alipoweza kuzungumza, nilijiandaa. Nilisimama mlangoni mwa wodi nikasema kwa sauti, "We samaki, umelala juani kukauka?" Wagonjwa wengine wakaniangalia.

Yeye akajaribu kuinuka kidogo kwenye mto. Akapiga makofi mawili laini, kama wanavyofanya mbele ya mtu wa kuheshimiwa.

"Mwapoleni, mukwai," akasema.

Hiyo ni salamu nzuri kabisa. Wanampa mwalimu, katekista, mkwe, mgeni. "Mukwai" ni bwana, ni tafadhali, ni mheshimiwa. Nilikuwa naisikia kila siku kutoka kwa watu wote wa Nchelenge, na kila siku ilinikumbusha kwamba si kwetu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. Akaniuliza safari ilikuwaje. Akanishukuru kwa sabuni. Aliipokea kwa mikono miwili.

Nilijiambia ni maumivu. Mtu anayeumwa hana nguvu za kutukana.

Nikarudi kwa fundi nikamwambia akitoe chuma. Alikasirika kana kwamba namtukana mtoto wake.

"Ju ya nini? Ile iko kazi ya muzuri!"

"Kitoe."

"Mutu njo anapaswa kutoka mu barabara, hapana chuma!"

Nikachukua msumeno mwenyewe. Ilinichukua siku mbili na mikono ikatoka malengelenge, kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri kweli. Baada ya hapo bampa ya zamani ikaonekana nyembamba mno machoni mwangu. Nilikuwa nimeona mitumbwi mikubwa ya mizigo pale gatini jinsi inavyofungiwa mizingo ya nyavu kuukuu ubavuni, isipasuane inapogongana. Nikanunua nyavu zilizochakaa, nikazisokota na kuzijaza matete na mipira ya ndani ya matairi, nikafunga mzingo mnene mbele ya gari, toka taa hadi taa, mkubwa chini kwenye usawa wa goti na mdogo juu kwenye ukingo wa boneti.

Nililijaribu uani kwangu. Nilifunga mashina ya muhogo manne kwa kamba, unene wa mguu wa mtu, nikayasimamisha kwenye ndoo ya mchanga na kuyaendea na gari. Mashina yakaegemea mzingo, yakainama, yakaanguka juu ya boneti mazima. Kisha nikalifunga lile bomba la fundi mbele ya gari kwa waya, nikayaendea mashina mengine kwa mwendo uleule. Yakakatika. Nilirudia mpaka uwanja ukajaa vipande na mke wa mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama nimerogwa. Nilikuwa na jambo kubwa la kumwambia mtu, na sikuwa na wa kumwambia. Nikaokota vipande vile, nikavipikia uji.

Sokoni wakaliita gari langu lenye mimba. Walikuwa wakiniuliza linajifungua lini. Wenye vyuma walipiga honi wakinipita. Mimi kwa kawaida ningewarukia, lakini nilikuwa nimechoka, na pia niliona kwamba hawakuwa watani wangu. Walinicheka tu.

Mtani wangu alitoka hospitalini akiwa na fimbo. Mguu ulipona mfupi. Nikaanza tena kupita mbele ya nyumba yake Jumanne na Ijumaa. Nilitokeza kwenye mteremko nikiwa kwenye gia ya kwanza, polepole kiasi kwamba kuku walinipita. Barabara ilikuwa tupu. Nilisimama pale kwenye ule mti mdogo, injini inanguruma, nikangoja. Hakuna aliyetoka kunipanulia mikono. Baada ya kitambo alijitokeza mlangoni na fimbo yake, akapiga makofi mawili laini. Nilishuka na samaki mkubwa kuliko wote nikampelekea. Alimpokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa ule mguu mzima.

"Natotela sana, mukwai," akanishukuru.

Ilikuwa hivyo miezi mingi. Mama yake pale kizingitini hakupiga makofi tena. Alikuwa akiniuliza habari za nyumbani, kwa uangalifu, kama mtu anayetembea juu ya vigae.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilimwonyesha mtani wangu ule mzingo wa nyavu. Nikamwambia auguse, ausukume, aone unavyozama. Aliusukuma kwa kiganja na kusema ni mzuri. Nikamwambia, "Watu wanasema gari lina mimba. Na wewe sema kitu."

"Niseme nini, mukwai?"

"Nitukane," nikasema. Sauti yangu ilikuwa mbaya, naikumbuka. "Niite mambala. Uliza ndugu zako wangapi mule nyuma."

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinikata. "Nitakutukana ju ya nini?" akasema. "Weye uko mutu muzuri. Ulinibeba, ulininunulia dawa. Batu bote banajua uko mutu muzuri."

Kama angenichukia ningejua la kufanya: ningeomba msamaha, ningelipa, ningepiga magoti. Lakini alikuwa amenisamehe kabisa. Alikuwa na mwili uliojua nini kilitokea siku alipomwamini mtu kwamba atasimama, na mwili ule ulikuwa umeamua kuniweka mbali, kwa adabu. Sidhani hata yeye alikuwa amepanga.

Kikongwe alikufa mwishoni mwa masika ya mwaka uliofuata. Habari zilinifikia Chienge. Nilishusha mzigo wote kwa mtu, nikaliendesha gari tupu. Njiani nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu msiba una sheria zake na sheria hizo hazimwulizi mtu anajisikiaje. Samaki amefiwa, mamba anaitwa. Nilivaa suruali ya kazi iliyochanika. Nilikuwa na jembe langu. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwigiza yule bibi anavyonipigia kelele niongeze mwendo, na nilijua nitalia nikifanya hivyo, na kwamba ingefaa.

Nilipofika watu walikuwa wengi uwanjani. Watani walikuwa wameshafika, watu wa mamba kutoka vijiji vya karibu, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Walikuwa wamejipaka majivu usoni. Mmoja alikuwa amevaa kitenge cha marehemu na kujikokota kwa magoti kizingitini, akiwadai wafiwa samaki, na wafiwa wanacheka huku wamejishika vichwa. Mwingine alikuwa ameificha sufuria ya ugali akidai ikombolewe. Nilichota majivu jikoni nikajipaka mashavuni. Nikaweka jembe begani, nikaelekea waliko.

Mjomba wa ukoo alinikuta kabla sijawafikia. Akanishika mkono kwa upole, akachukua jembe kutoka begani kwangu na kumpa kijana mmoja wa mamba. Akanipeleka kivulini, upande walikokaa katekista na mwalimu wa shule. Kisha mtani wangu akatoka ndani na fimbo yake, macho mekundu, akichechemea mbele ya watu wote. Mkono mwingine ulikuwa umebeba kiti, kiti pekee cha nyumba ile chenye mgongo. Akakiweka mbele yangu na kukifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake.

"Mukae, mukwai," akasema.

Nikakaa.